Nimwambie Supavaiza Lini?

Wanawake wanaokuja kwangu wakiwa na mimba ya miezi mitatu au minne hawaanzi kwa kuuliza kama watalipwa. Wanaanza na jambo jingine, tena kwa sauti ya chini huku wakitupia jicho mlangoni: "Mama, nimwambie lini?" Wa kuambiwa ni supavaiza. Ukitaka kuelewa jinsi sheria ya kazi ya Kenya inavyomlinda mwanamke mjamzito, na mahali inapomwachia mkono, anza na swali hilo, maana anayeliuliza ameshaona yaliyowapata wenzake.

Nilifanya kazi ya maua kando ya Ziwa Naivasha kwa miaka mingi, kwanza kwenye grinihausi nikikata waridi, baadaye pakihausi nikiyagredi kwa urefu. Wenzangu wakanichagua niwe mwakilishi wao wa chama, KPAWU, chama cha wafanyakazi wa mashamba chenye makao makuu hapa Nakuru. Siku hizi naishi Rhonda na kushona sare za shule. Ila kuna wateja ambao hawaji kupimwa sketi. Wanakuja na bahasha, na ndani ya bahasha kuna mkataba uliokunjwa mara nne, karatasi za malipo na kitabu cha kliniki. Mimi si wakili. Nimekaa tu mara nyingi mbele ya meza ya meneja kuliko wengi wao, na najua karatasi gani humfanya meneja abadilishe sauti.

Sheria yenyewe ni fupi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, iliyoanza kutumika Juni 2008, inasema katika kifungu cha 29 kwamba mwanamke aliyeajiriwa ana haki ya likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili. Haikuweka sharti kwamba awe amefanya kazi mwaka mmoja au miezi sita. Haiulizi kama ana mume, wala huyu ni mtoto wa ngapi. Haitengi ofisi na shamba: karani wa benki pale Kenyatta Avenue, keshia wa supamaketi, mwalimu wa shule ya kibinafsi Bahati na msichana wa kazi anayelea watoto wa watu Milimani wote wamo. Likizo ikiisha, ana haki ya kurudi kwenye kazi aliyoiacha, au kazi nyingine inayomfaa yenye masharti yasiyo duni kuliko yale ya kwanza.

Anachotakiwa kufanya ni kutoa notisi ya maandishi angalau siku saba kabla ya kuondoka, akitaja tarehe ya kuanza likizo na kwamba atarudi. Muda mfupi zaidi ya huo unakubalika pale hali inapolazimisha, kwa mfano uchungu ukianza mapema. Mwajiri akidai cheti, kinatoka kwa daktari au mkunga aliyehitimu. Basi. Hakuna mahali sheria inapompa mwajiri nafasi ya kukataa. Wengi huandika barua ya kuomba, wakanyenyekea weee, kisha wakakaa kungoja jibu. Andika kwamba unamjulisha.

Kwa hiyo jibu la sheria kwa swali la "nimwambie lini" ni siku saba. Hakuna kifungu kinachokulazimisha kutangaza mimba ikiwa changa, wala mwajiri hana haki ya kukunyima kazi kwa sababu umekuja kwenye usaili na tumbo. Kifungu cha 5 kinakataza ubaguzi kwa sababu ya ujauzito, na kinamtaja hata yule anayetafuta kazi. Katiba ya 2010, ibara ya 27, nayo imeutaja ujauzito kwa jina katika mambo ambayo mtu hapaswi kubaguliwa kwayo.

Lakini mimi sishauri mtu angoje mpaka zibaki siku saba, na nina sababu mbili.

Ya kwanza ni dawa. Kwenye maua tunapiga dawa ya kuua wadudu na ukungu, na ukishapiga, kuna saa ambazo hakuna anayeruhusiwa kuingia ndani ya grinihausi. Mashamba yenye cheti cha Fairtrade yanakatazwa kumweka mjamzito au anayenyonyesha kwenye kazi za hatari kama hizo. Anahamishiwa kazi nyepesi. Sasa, nani atakuhamisha kama hajui? Nimewaona wasichana wakijifunga leso tumboni wakiendelea kuvuta toroli za maua kwa sababu wanaogopa kuhamishwa kutazaa maneno. Hofu yao naielewa. Ila mtoto aliye tumboni hajui habari za mkataba.

Sababu ya pili ni ya kisheria, na watu wengi hawaioni. Kifungu cha 46 kinasema wazi kwamba mimba, au jambo lolote linalohusiana na mimba, si sababu halali ya kumfukuza mtu. Vizuri. Lakini mwajiri akikufukuza ukiwa na miezi mitano na hujawahi kumwambia, atasimama mbele ya hakimu aseme neno moja tu: sikujua. Na kesi inaweza kufia hapo. Ukiwa na barua yenye tarehe na muhuri wa ofisi, kisha ukafukuzwa wiki mbili baadaye kwa "utendaji duni" ambao haukuwahi kuandikwa popote, tarehe hizo mbili zinajieleza zenyewe. Tena sheria inamtwika mwajiri kazi ya kuthibitisha kwamba hakubagua. Huo ni msaada mkubwa kwa mtu asiye na pesa za wakili, lakini unamfaa yule tu anayeweza kuonyesha kwamba mwajiri alijua.

Kwa hiyo ushauri wangu: ukishathibitishwa kliniki, na kama unagusa dawa au unabeba mizigo, andika mara moja. Usimwambie supavaiza kwa mdomo kwenye korido ukadhani umemaliza, kwa sababu supavaiza anahamishwa, anasahau, au anakana. Barua ipeleke ofisi ya wafanyakazi, nakala mbili, moja igongwe muhuri ubaki nayo. Wakikataa kugonga muhuri, ipige picha, itume kwa WhatsApp kwa meneja na uache ile alama ya kusomwa ikae kwenye simu yako.

Kuna mmoja ambaye simlaumu akichelewa kusema: yule aliye kwenye mkataba wa msimu. Kila mwaka kabla ya Februari 14 mashamba ya Naivasha huongeza watu kwa ajili ya Valentine, halafu Machi inakuja Siku ya Mama ya Uingereza. (Nimewahi kujiuliza kama wanaopokea yale maua ya Siku ya Mama wanajua ni akina mama wangapi wenye miguu iliyovimba wameyapanga.) Mkataba wa miezi mitatu ukifika tarehe yake unaisha wenyewe, na mahakama zetu kwa kawaida husema mwajiri halazimiki kuutia saini tena. Mwajiri hatoi sababu. Hatoi barua ya kumfukuza mtu. Jina halipo tu kwenye orodha ya wanaorudi. Hapo sheria ya likizo inabaki kama mwavuli uliosahaulika nyumbani. Ukiweza kuonyesha kwamba wenzako wote wa msimu walirudishwa isipokuwa wenye mimba, hiyo ni hoja ya ubaguzi, na inafaa kupelekwa chamani. Lakini sitakudanganya kwamba ni rahisi.

Kibarua wa siku ana nafasi nzuri kuliko anavyodhani. Wengi wanaolipwa jioni kwa jioni, kwenye viazi vya Molo na Njoro au kwenye mahoteli ya mjini, wanaamini hawana haki yoyote. Kifungu cha 37 kinasema tofauti. Ukifanya kazi mfululizo kwa siku ambazo zikijumlishwa zinafika mwezi mmoja au zaidi, au ukipewa kazi ambayo kwa hali ya kawaida haiwezi kwisha ndani ya miezi mitatu, wewe si kibarua tena machoni pa sheria. Umekuwa mwajiriwa wa mwezi. Ukifikisha miezi miwili tangu uanze, unapata haki zote kana kwamba hukuwahi kuwa kibarua. Likizo ya uzazi imo.

Waajiri wanakijua kifungu hicho, ndiyo maana wengine huwapumzisha watu siku chache kila baada ya wiki tatu, au huwaleta kupitia kontrakta ambaye ofisi yake ni pikipiki. Basi shida ya kibarua ni ushahidi. Mama mmoja aliniletea simu badala ya bahasha. Tulikaa jioni nzima tukiandika kwenye daftari kila ujumbe wa M-Pesa alioupokea kutoka kwa nambari ileile ya mlipaji: jina, tarehe, kiasi. Ilikuwa miezi saba karibu bila pengo. Mlipaji aliyekuwa akisema hamjui aliomba wakae chini wazungumze. Kama hujawahi kuiomba taarifa ya M-Pesa ya miezi iliyopita, jifunze. Weka pia picha ya kadi ya getini, na jina la aliyekuandikisha siku ya kwanza. Na kama kuna ubishi kuhusu masharti ya kazi na mwajiri hakukupa mkataba wa maandishi, ni yeye atakayebeba mzigo wa kuthibitisha, si wewe.

Tuje kwenye pesa. Mshahara kamili ni ule wa kila mwezi: kiwango cha msingi pamoja na marupurupu ya nyumba. Overtaimu haimo kwa kuwa hukuifanya. Mtu wa shilingi 15,000 kwa mwezi anapaswa kuona 15,000 mara tatu, kwa tarehe za kawaida za malipo, makato ya NSSF, SHA na ya nyumba yakiendelea kama siku zote. Miezi ni ya kalenda, Jumapili ndani. Ukitoka tarehe 3 Machi, unarudi tarehe 3 Juni. Pacha hawaongezi siku hata moja kwa sheria ya Kenya.

Watu huchanganya jambo hili na SHA. SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, hulipa hospitali kwa ajili ya kujifungua: shilingi 10,000 kwa kujifungua kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Haimlipi mama mshahara. Nimeona meneja akimwambia mfanyakazi wake, bila haya, kwamba "pesa zako za uzazi zitatoka SHA." Hazitatoka. Mwenye deni ni yeye.

Uongo mwingine unaozunguka si uongo hasa. Ni sheria iliyokufa. Chini ya ile Sheria ya Ajira ya zamani, Sura ya 226, likizo ya uzazi ilikuwa miezi miwili, na mwanamke aliyeichukua alipoteza likizo yake ya mwaka huo. Sheria ya 2007 iliyafuta yote mawili. Lakini nenda leo kwenye shamba au kiwanda chochote, utamkuta karani mzee akimwambia mama aliyetoka uzazini, "Wewe umeshakula likizo yako yote." Hajala. Siku zake 21 za likizo ya mwaka ziko palepale, na kwa ridhaa ya mwajiri anaweza kuziunganisha na miezi mitatu akakaa na mtoto karibu miezi minne. Hili ndilo jambo ambalo limewafaa wanawake wengi zaidi kuliko yote niliyowahi kusema mezani, na halikuhitaji hata kesi.

Aliyepoteza mimba ana nafasi finyu. Kifungu cha 29 hakimtaji. Kinachobaki ni likizo ya ugonjwa, ambayo kwa kiwango cha chini cha sheria ni siku saba za malipo kamili na saba za nusu, kwa aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo. Tanzania Bara angalau sheria yao inamfikiria mama ambaye mtoto wake amefariki kabla ya kutimiza mwaka, ikamruhusu likizo nyingine ya malipo ndani ya mzunguko uleule. Sisi bado.

Kina baba wana wiki mbili kwa mshahara kamili, kifungu hichohicho cha 29. Wanaume wa idara ya kupiga dawa walikuwa wakicheka nikiwaambia. "Nikae nyumbani nifanye nini?" Ufue nepi, baba.

Kisha siku ya kurudi. Hapa ndipo nilipopigania zaidi, na ndipo wengi huumizwa wakidhani hatari imekwisha. Mama anafika getini, kadi haifungui. Au inafungua, naye aliyekuwa kiongozi wa meza pakihausi anakuta amepangiwa kufagia. Au anaambiwa nafasi yake "imeondolewa." Kuondolewa kwa nafasi kuna utaratibu wake katika kifungu cha 40: notisi isiyopungua mwezi mmoja kwa chama na kwa afisa wa kazi, kigezo cha haki cha kuchagua nani aondoke, na malipo ya kuachishwa yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Ukikuta nafasi iliyoondolewa ni moja tu, ya mama aliyekuwa likizo, na kuna binti mpya ameikalia, hiyo si kuondolewa kwa nafasi.

Akirudi salama, bado kuna maziwa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inawataka waajiri watenge chumba cha kunyonyeshea au kukamulia maziwa, chenye mahali pa kunawa mikono, chombo cha kuhifadhia baridi, umeme, meza ndogo na viti vya kukaa vizuri. Kisiwe chooni. Na mama apewe muda wa kunyonyesha zaidi ya ule wa chakula, jumla isiyozidi saa moja kwa kila saa nane za kazi, na muda huo unahesabiwa kuwa wa kazi na kulipwa. Wanaokaa Karagita au Kasarani na kufanya kazi Barabara ya Ziwa Kusini wanajua kwamba saa moja haitoshi kwenda nyumbani na kurudi. Chumba cha kazini ndicho kinacholeta tofauti, na ni mashamba machache ninayoyajua yaliyoweka friji kweli. Wanawake wengi bado hukamua chooni na kumwaga.

Mambo yakiharibika, angalia kalenda. Malalamiko ya kufukuzwa hupelekwa kwa afisa wa kazi ndani ya miezi mitatu tangu siku ya kufukuzwa. Nakuru ofisi ipo na hawatozi kitu. Muda wa kufungua kesi mahakamani ni miaka mitatu. Kama mshahara wako hauzidi shilingi 80,000 kwa mwezi, kesi yako inasikilizwa na mahakimu walioteuliwa kwa kazi hiyo tangu 2018, huna haja ya kuanza juu. Wenye mishahara mikubwa zaidi huenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo nayo inakaa hapa Nakuru. Mahakama inaweza kukupa fidia ya hadi mishahara ya miezi 12 kwa kufukuzwa isivyo haki, na ubaguzi una fidia yake kando. Kesi ambayo mawakili huitaja sana ni ya mwaka 2013, ya mwanamke aliyeandikwa kwa herufi GMV dhidi ya Bank of Africa Kenya, ambapo jaji alikubali kwamba alibaguliwa kwa sababu ya ujauzito. Alikuwa mtu wa benki, lakini kifungu alichosimamia ni kilekile cha mkata waridi.

Sasa niseme ninachokiamini, hata kama wenzangu wa chama hawatapenda. Si waajiri wote wanaokwepa ni watu wabaya. Kenya imeuweka mzigo wote wa mshahara wa uzazi kwenye mfuko wa mwajiri mmoja. Shamba kubwa linaumudu. Mwenye saluni ya wasichana watatu pale Section 58 anaulipa mshahara wa aliye likizo na wa aliyeshika nafasi yake, na akifanya hesabu hiyo mara moja, safari ijayo anaajiri mwanamume au mwanamke aliyekwisha kuzaa. Tanzania wana NSSF yao inayolipa fao la uzazi kwa wanachama waliotimiza michango, katika likizo ya siku 84, au 100 kwa wenye pacha. NSSF yetu inatukata kila mwezi na haina fao hilo. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka wiki 14 na unasisitiza kwamba pesa zitoke kwenye bima ya jamii au mfuko wa umma ili mwajiri asibaki peke yake. Kenya haijauridhia.

Mpaka Bunge liamke, kuna meza ya mazungumzo. Julai 2021 vyama vya walimu vilitia saini makubaliano na TSC, tume inayowaajiri walimu, yaliyopandisha likizo ya uzazi kutoka siku 90 hadi 120, na ya baba kutoka 14 hadi 21. Hakuna kifungu cha sheria kilichoguswa. Walidai, wakaandikiana. Wafanyakazi wa maua na wa chai nao wana makubaliano yanayojadiliwa upya kila baada ya muda, na kwa miaka mingi niliyohudhuria mikutano ya kukusanya madai, wanaume walizungumza kuhusu mshahara mpaka saa ya basi ikafika. Mkutano ujao wa tawi lenu ukiitishwa, njooni na mtoto mgongoni mkae mbele. Dai la siku 120 liandikwe ukurasa wa kwanza, na la friji ya chumba cha maziwa chini yake.